Kasi ya Msumeno

Shemeji yangu alisema Msumeno ndiye mpiga gitaa mwenye kasi kuliko wote waliowahi kuzaliwa na mwanamke. Nikamwambia kasi hata kuku anayo. Ubishi wa Jumamosi ile ulianza hivyo, kama ulivyoanza Jumamosi nyingine zote, tukishafunga kazi na kunawa mikono kwa petroli na sabuni ya unga.

Gereji ni yangu. Mimi nanyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Mdogo wangu wa mwisho, mwanamke, ndiye anayepiga rangi. Shemeji, aliyemwoa dada yetu mkubwa, ana kibanda cha kutengeneza redio mlango wa pili, na mtaa mzima unamwita Fundi Redio. Wa nne ni Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajui kupiga hata filimbi lakini neno la kusema hakosi. Sisi ndio wapenzi wa metali wa mtaa ule, muziki wa gitaa za umeme zinazonguruma. Majirani wanasema tumerogwa na kelele. Mimi nagonga bati tangu asubuhi, na nikimaliza nataka kumsikia mtu anayegonga vizuri kuliko mimi. Sababu yangu ndiyo hiyo, sina nyingine.

Katikati ya gereji, juu ya pipa la oili, ilikaa redio kaseti kubwa ya Fundi Redio. Aliiokota ikiwa maiti, akaitia mota aliyoitoa kwenye mashine nyingine, ikafufuka, na tangu hapo haikugoma hata siku moja. Aliisifia kuliko alivyowasifia wanawe. Kanda ya Msumeno tuliletewa na dereva wa lori. Bendi yake ilirekodi kanda moja tu, ikavunjika, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuwaona jukwaani. Fundi Redio ndiye aliyeinakili kanda ile kwa kila aliyeitaka, na zama za simu zilipofika akaitia kwenye simu za watu. Kwa hiyo kila aliyempenda Msumeno mjini kwetu alimpenda kupitia mashine ile ya juu ya pipa.

"Hapa! Sikiliza hapa!" Fundi Redio alikuwa ameinama, sikio karibu na spika. Ulikuwa wimbo wa mwisho wa kanda, "Tanuru", pale gitaa mbili zinapoingia pamoja kwenye solo ndefu. "Niambie, vidole hivyo ni vya binadamu?"

"Ni vya panya," nikasema. "Panya anakimbia juu ya sufuria. Toni iko wapi? Gitaa la metali linatakiwa liwe nene, likukalie kifuani kama gunia la saruji. Hilo linakuna meno."

"Wewe fundi bodi unataka kila kitu kiwe kizito."

"Na wewe unataka kila kitu kiwahi. Ndiyo maana redio za watu unazifunga skrubu mbili badala ya nne."

"Usiingize kazi kwenye muziki, shemeji."

"Mimi gitaa nalisamehe," Kinyozi akadakia. "Ninayeshindwa kumsamehe ni Shangazi."

Shangazi tulimwita mwimbaji wa bendi ile. Alikuwa mwanamume, jina lake limeandikwa kwenye kasha la kanda, lakini sauti yake ilikuwa juu mno. "Kila akipaza," Kinyozi akaendelea, "namwona shangazi yangu akigombana na mpangaji."

Tukacheka. Hata mama yetu aliwahi kututania kuhusu mashine ile. Alikuja siku moja na kanda ya kwaya yake, akaisikiliza kidogo, akaitoa mwenyewe. "Hawa wanakimbilia wapi? Kanisa linaungua?" Tukasema mama hajui muziki.

Mdogo wangu alikaa juu ya kreti, barakoa ya kupigia rangi ikining'inia shingoni, anafunga uzi mpya kwenye gitaa lake. Nyuzi zake zilikuwa hazimalizi wiki. Alizikaza mpaka shingo ya gitaa inalia, ili afike ilipo kanda. Solo ya "Tanuru" alianza kuifukuza angali msichana wa kusuka mikia miwili, kila jioni baada ya kazi, kipande kwa kipande, anarudisha kanda nyuma na kuirudia mpaka mkewe Kinyozi anapiga kelele toka ng'ambo kwamba sasa basi.

"Kesho nakwenda," akasema.

Hatukuuliza wapi. Matangazo yalikuwa yamebandikwa kila ukuta. Bendi ya Msumeno ilikuwa imeungana tena na inapita mji kwa mji. Mpigaji wao wa pili alishaacha muziki, kwa hiyo kila mji wanamchukua mtu mmoja wa hapohapo kupiga na Msumeno ile solo ya gitaa mbili. Kesho alasiri majaribio, jioni onyesho, katika ukumbi uliokuwa sinema zamani.

"Shemeji," Fundi Redio akamwambia kwa upole, na upole wake ndio unaouma zaidi, "unapiga vizuri. Lakini yule mtu anakuacha nusu ya barabara. Utafika pale katikati vidole vifungane kama nyaya zangu. Watakucheka."

"Wacheke."

"Na toni yako nyembamba," mimi nikasema. Mimi hubaki na ukweli nilio nao, hata kwa ndugu.

"Toni yangu ni yake. Nikaze nyuzi hivi halafu sauti iwe nene, itokee wapi? Wewe unataka nimpige Msumeno au nikupige wewe?"

"Ukinipiga mimi nitarudisha."

Hakucheka. Alikata ncha ya uzi kwa koleo, akainuka. "Sikilizeni. Nimepiga rangi magari ya mji huu, na kila mwenye gari ananiuliza, eti wewe ndiye yule dada wa gitaa? Nasema ndiyo. Ananiuliza, unapiga wapi? Nasema gereji. Nimechoka. Kesho wakinichukua, wamenichukua. Wakinikataa, gitaa nauza. Sitaki kuzeeka nikiwa mtu wa kujaribujaribu."

Fundi Redio akazima mashine. Namjua mdogo wangu. Alisema atauza pikipiki yake, akaiuza. Alisema hataolewa na yule muuza matairi, na muuza matairi analia mpaka leo.

*

Ukumbi ulinuka vumbi na zulia lililoloa. Viti vya mbele viling'olewa, vya nyuma bado viko, na juu ya jukwaa nyaya zimelala huku na huku kama utumbo. Tulikaa safu moja, mimi, Fundi Redio na Kinyozi, aliyefunga kibanda chake siku yenye wateja wengi na akatukumbusha hilo njiani kote.

Msumeno alikuwa mtu mnene, mwenye mvi, amekaa kwenye kisanduku cha amplifaya na gitaa mapajani kama mtu aliyempakata mjukuu. Nilimtegemea awe mwembamba. Kwa kasi ile nilidhani hana nyama.

Wapigaji wa mji walikuja wengi. Wa kwanza alipanda kwa mbwembwe, nywele usoni, bendi ikaanzisha "Tanuru", ikafika kwenye solo, akaingia. Ilikuwa ajali. Gitaa lake na la Msumeno zililia kama paka wawili kwenye gunia. Msumeno akainua mkono, ngoma ikanyamaza. "Asante, kijana." Wa pili hivyohivyo. Wa tatu alitoka mwenyewe kabla hajaambiwa. Watu waliokuja kutazama wakawa wanashika mbavu.

"Mji huu una nini?" Msumeno akauliza kwenye maikrofoni, na hakuwa na hasira, alishangaa kweli. "Kila mtu amekaza nyuzi mpaka juu. Na kila mtu ana haraka. Mnakwenda wapi nyote?"

Nikasikia kitu kikinigusa kichwani, kama mtu amebisha hodi mlango wa nyuma. Sikukifungulia. Mdogo wangu alikuwa anapanda.

Alivaa suruali yake ya kazi iliyooshwa, rangi ya fedha bado imeshika kwenye magoti. Mtu wa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Amekuja kupaka ukuta?" Nikageuka nikamtazama. Akaanza kuchunguza kucha zake.

Bendi ikaanza. Mdogo wangu akaingia pale panapotakiwa, na ikawa ajali ileile. Mbaya zaidi, kwa sababu yeye hakukosea. Wale wengine walikosea vidole, sauti ikajificha kwenye makosa. Yeye kila noti aliitoa safi, na kila noti ilikuwa juu ya bendi, na mbele ya bendi, kama mtu anayejibu swali ambalo halijaulizwa. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikatikisika. Msumeno akainua mkono.

"Asante, dada."

Mdogo wangu akaanza kukunja waya wa gitaa lake. Anaukunja polepole, duara juu ya duara, kama anavyokunja mpira wa hewa wa kupulizia rangi kazini. Nikajua gitaa limekwisha kuuzwa.

Ndipo mwimbaji akasogea kwenye maikrofoni. Ni mzee mrefu, shati jeupe, hakuwa amefungua mdomo tangu tulipoingia. "Tunawashukuru nyote mliojitokeza," akasema.

Sauti ilitoka chini ya sakafu. Nasema kweli, ilikuwa injini ya lori kwenye mlima. Kinyozi akanigusa. "Huyu nani?"

"Mwimbaji."

"Shangazi yuko wapi?"

"Ndiye huyo."

"Acha mzaha."

Yule mzee, kujaribu maikrofoni tu, akaimba mstari wa kwanza wa "Tanuru". Maneno yaleyale tunayoyajua kwa moyo. Sauti ya fahali. Sasa ule mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Nikageuka kumtazama Fundi Redio, na Fundi Redio alikuwa anatazama viatu vyake.

"Shemeji. Ile mota uliitoa kwenye mashine gani?"

"Redio ya gari."

"Inazunguka sawa na ile ya zamani?"

"Inazunguka vizuri."

"Sikuuliza vizuri. Nimeuliza sawa."

"Inaweza ikawa… imezidi kidogo."

Kidogo! Kanda ikizunguka kasi, sauti nayo hupanda. Mji mzima ulikuwa umejifunza muziki kwa mota ya redio ya gari. Nikaruka viti, nikakimbilia jukwaani, kitambi changu kikinitangulia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kupiga kelele, legeza nyuzi, lakini nilipofika nilimkuta amepiga goti, waya umeachwa chini nusu umekunjwa, vidole viko kwenye vifungo vya kukazia nyuzi na vinalegeza uzi mmoja mmoja.

"Najua," akasema bila kuniangalia. "Nimesikia alipofungua mdomo."

Msumeno alikuwa ameanza kuvua mkanda wa gitaa. "Dada, tumeshamaliza."

"Nyinyi mmemaliza. Mimi sijaanza." Bado ameinama, sikio karibu na nyuzi. "Umesema mji mzima uko juu. Ni kweli. Kanda yenu kwetu inakimbia. Tumeisikia ikikimbia tangu ifike. Huyu mzee hapa kwetu anaimba kama mwanamke."

"Tunamwita Shangazi," Kinyozi akapaza sauti kutoka nyuma, maana hakosi neno.

"Shangazi nani?" mwimbaji akauliza kwa ile injini yake.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hata mpiga ngoma aliinamia ngoma zake. Msumeno hakucheka. Aliurudisha mkanda begani. "Mara moja tu," akasema.

Ngoma ikaanza. Wakafika kwenye solo, mdogo wangu akaingia.

Sijui kuandika muziki. Naweza kusema jinsi ulivyonifika. Gitaa zile mbili ziliingiana kama mlango uliogongwa ukanyooshwa ukarudi kwenye nafasi yake, ukiusukuma unajifunga bila sauti. Na lile gitaa la mdogo wangu, baada ya nyuzi kulegea, likatoa toni ambayo nilikuwa nikiililia pembeni mwa pipa miaka yote. Nene. Imenikalia kifuani. Gunia la saruji, tena lililoloa. Na Msumeno naye toni yake ilikuwa hiyohiyo! Mtu niliyemwita panya juu ya sufuria alikuwa na toni nene kuliko mpiga gitaa yeyote niliyemsikia. Nilimtukana kila Jumamosi kwa jambo alilokuwa nalo tangu mwanzo.

Fundi Redio naye alikuwa amekuja kusimama kando yangu, uso umemshuka. "Anakwenda polepole," akanong'ona. "Shemeji, Msumeno anakwenda polepole kama watu wengine."

"Usilie hapa," nikamwambia.

Walimaliza pamoja, noti ya mwisho ikabaki inanguruma. Watu walianza kupiga makofi, lakini Msumeno akawanyamazisha kwa kiganja. Alikuwa anautazama mkono wa kushoto wa mdogo wangu.

"Hukutoka jasho," akasema.

"Ni polepole."

"Ile kanda yenu inayokimbia. Unaipiga kwa kasi yake?"

"Ndiyo."

"Ipige."

Mpiga ngoma akauliza kasi gani, mdogo wangu akamgongea kwa mguu. Mpiga ngoma akainua nyusi, akaanza. Na mdogo wangu akaondoka naye.

Alipiga solo yote kwa kasi ya mota ya redio ya gari, na nyuzi zimelegea, na toni haikupungua hata robo. Kila noti nzito, kila noti imesimama peke yake, hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Pale katikati, Fundi Redio alipotabiri vidole vitafungana, alifunga macho. Msumeno alianza naye. Akashika mistari michache, kisha akauondoa mkono kwenye nyuzi, akarudi kukaa kwenye amplifaya yake, akasikiliza. Aliyesema mambo ya kupaka ukuta alikuwa amesimama juu ya kiti.

Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi mara moja. Walisahau.

"Nani kakufundisha kuipiga hivyo?" Msumeno akauliza.

"Wewe."

"Mimi sijawahi kuipiga hivyo maishani mwangu. Mimi siwezi." Akaangua kicheko, kifua na tumbo vikatikisika, akamwita mwimbaji. "Shangazi! Njoo umsikie mwanafunzi wangu!"

Basi ukumbi ulilipuka. Makofi, miluzi, viti vinagongwa. Fundi Redio alinikumbatia akanilowesha shingo kwa machozi, nami nikamwacha, maana siku ile nilikuwa mtu mwema. Msumeno alisubiri kelele zishuke. "Jioni," akasema kwenye maikrofoni, "tutaipiga kama nilivyoitunga. Tukimaliza, tutaipiga kama anavyoijua huyu. Mimi nitakaa pembeni."

*

Nilikwenda kumchukua mama. Alikataa, anasema masikio yake bado anayahitaji, lakini nilipomweleza akatoa kitambaa chake cha kwendea kanisani akajifunga kichwani. Tulimkalisha kwenye kiti cha nyuma, mimi upande huu, dada mkubwa upande ule, Kinyozi akimpepea kwa gazeti. Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Wale wote waliokataliwa alasiri walikuwa mbele kabisa na ndio waliokuwa wakilitaja jina la mdogo wangu kwa sauti kubwa kuliko watu wote.

"Tanuru" ikaja. Mara ya kwanza, wawili pamoja, mama akatikisa kichwa taratibu. "Leo hawakimbii," akasema.

Mara ya pili Msumeno akarudi nyuma, taa ikabaki juu ya mdogo wangu na suruali yake ya fedha, mguu ukagonga, ngoma ikafuata. Mama akanishika mkono.

"Sasa anakimbia."

"Anakimbia, mama."

Akasikiliza. Kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye mkono wangu, sikuuondoa. "Huyu," akasema, "anajua anakokwenda." Kisha mama yangu, mzee wa kwaya, akasimama akapiga kigelegele kilichopita juu ya amplifaya zote.

*

Jumamosi iliyofuata Fundi Redio alikuja na mota mpya, ya kasi inayotakiwa, imefungwa kwenye gazeti. Mdogo wangu alikuwa anapiga msasa mlango wa pikapu. Alimtazama, akasema mashine isiguswe.

"Lakini shemeji, inakimbia."

"Iache. Nataka kanda nyingine ya kuifukuza, uitie humohumo."

Fundi Redio akairudisha mota mfukoni, akavuta kreti. Alikuwa na simu iliyorekodi onyesho lote, na ingawa picha ilitikisika, sauti ilisikika. Akaifikisha kwenye solo. "Kwa mara ya kwanza nitasema hivi," akatamka kwa uzito, kama hakimu. "Kasi si kitu. Nilikosea. Toni ndiyo kila kitu. Sikiliza toni ya shemeji yangu hapa."

"Toni gani?" nikamwambia. "Umekuwa kiziwi? Sikiliza vidole! Nani duniani anakimbia hivi?"

"Wewe si ndiye ulisema hata kuku…"

"Kuku yupi? Nionyeshe kuku anayeweza hivi!"

Kinyozi akaacha wateja wawili wamelowa povu, akavuka barabara akiwa na wembe mkononi ili aje aseme neno lake. Mdogo wangu alivaa barakoa, akaunganisha mpira wa hewa, akatuambia tusogee na ubishi wetu, tusije tukageuka rangi ya pikapu. Tukasogea. Mwenye pikapu alikuwa amefika, amesimama mlangoni na funguo mkononi.

"Samahani," akasema. "Wewe ndiye yule dada wa gitaa? Unapiga wapi?"

Mdogo wangu akaivuta barakoa chini kidogo ili ajibu.